Kiarabu cha dirishani

*Kozi nyingi za Kiarabu kwa wanadiplomasia huanza na lugha ya hotuba na magazeti. Kazi inayowangoja maofisa wetu Riyadh, Muscat na Abu Dhabi huanza na majina, tarehe na karatasi za polisi.*

Na Mwandishi Wetu

Simu za aina hii huingia ubalozini Jumapili asubuhi, kwa kuwa Riyadh na Muscat wiki ya kazi inaanzia hapo. Anayepiga yuko Kakamega au Tanga. Dada yake alikwenda kufanya kazi za ndani, sasa ni wiki ya pili simu yake haipatikani, na wakala aliyempeleka hapokei. Ofisa wa konseli anachukua jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tuseme Pauline, anakwenda nalo kituo cha polisi.

Karani wa kaunta anapitisha kidole kwenye orodha, anatikisa kichwa. Hayumo.

Huenda kweli hayumo. Huenda pia yumo, mstari wa saba kutoka juu, kwa jina la Bawlin. Kiarabu sanifu hakina herufi ya P, kwa hiyo Pauline anaandikwa kwa ba, na Peter anageuka Biter. Vivian anahamia kwenye fa. Grace ana njia tatu: kwa jim, kwa ghain au kwa kaf, ikitegemea karani katoka wapi na kasikiaje. Chebet anaandikwa kwa ta na shin zikifuatana, au kwa shin peke yake. Irabu fupi haziandikwi kabisa.

Ofisa asiyejua hayo anarudi ubalozini na jibu la karani. Anayejua anaomba jina litafutwe tena, safari hii kwa tahajia mbili tatu, na ikibidi anaandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi.

Kiarabu cha kufanya hivyo kinaweza kufundishwa ndani ya mwezi mmoja. Hakihitaji mtu aelewe taarifa ya habari ya saa mbili. Lakini ukiuliza kozi ya mwanzo ya mwanadiplomasia ianzie wapi, majibu yanapishana, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Cairo ya 1964, Riyadh ya leo

Mwaka 1964 kijana wa miaka 22 kutoka Zanzibar, Salim Ahmed Salim, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Cairo ya siku zile ilikuwa mji wa Gamal Abdel Nasser na kituo cha wapigania uhuru wa Afrika. Tangu 1954 redio yake ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili, isikike Mombasa na Unguja. Wamisri walishaona kwamba siasa ya Afrika Mashariki haiendeki bila watu wanaojua lugha yetu, wakatia fedha humo. Vyuo vikuu vyao vinafundisha Kiswahili hadi leo.

Sisi tulitia kiasi gani upande wa pili? Kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na uzito. Mazungumzo makubwa yalikwenda kwa Kiingereza au Kifaransa, na pale ilipobidi, kulikuwa na Mzanzibari au Mlamu aliyesomea Cairo wa kusaidia.

Kazi imebadilika. Balozi zetu za Ghuba leo zinashughulika na watu kuliko na maazimio: wafanyakazi wa ndani, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli. Wengi wao wako chini ya mfumo wa kafala, ambao unafunga kibali cha kuishi cha mfanyakazi, ikama, kwa mwajiri wake. Akiondoka nyumbani kwa mwajiri huyo bila ridhaa, anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na kuanzia hapo kila karatasi yake ina kasoro. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kubadili mwajiri Machi 2021, wafanyakazi wa ndani hawakuwekwa kwenye mabadiliko hayo.

Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa mwaka 1963, kifungu cha 36, unampa ofisa haki ya kumtembelea raia wa nchi yake aliyekamatwa. Lakini hausemi ofisa huyo atazungumza nini na mlinzi wa getini.

> Mkataba wa Vienna unampa ofisa haki ya kumwona aliyekamatwa. Hausemi atazungumza nini na mlinzi wa getini.

Mikataba ya Vienna yenyewe, ule wa 1961 wa uhusiano wa kibalozi na huu wa 1963, iliandikwa kwa lugha tano, na Kiarabu hakimo. Kilipata kuwa lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa tarehe 18 Desemba 1973, kwa azimio namba 3190, ndiyo maana tarehe hiyo sasa inaadhimishwa kuwa siku yake duniani.

Maandishi yanayoshinda

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia ya mwaka 2005 kinataka mikataba na kumbukumbu ziwe kwa Kiarabu. Ikitumika lugha nyingine sambamba nacho, maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayoshinda. Wafanyakazi wa ndani wana kanuni zao mbali, lakini kesi zao nazo husikilizwa kwa Kiarabu. Kwa hiyo safu ya Kiingereza aliyosomewa dada wa watu kwenye ofisi ya wakala Nairobi au Dar es Salaam inaweza kuwa nzuri sana na isimsaidie.

Hapa mwanafunzi wa mwanzo haambiwi atafsiri mkataba. Anatakiwa aweke kidole kwenye safu ya kulia na aone kama mshahara ulioandikwa pale ni ule ule wa safu ya kushoto, kama muda ni ule ule, kama jina la mwajiri ni la mtu huyo huyo. Akiona tofauti ndipo amwite mfasiri, na ajue anamwitia nini.

Historia ina mfano wa jambo hili unaochekesha kidogo. Novemba 1796 Marekani na Tripoli zilitia saini mkataba wa amani. Baraza la Seneti liliuridhia mwaka uliofuata kwa kusoma Kiingereza chake, ambacho kifungu chake cha 11 kinasema serikali ya Marekani haikujengwa juu ya dini ya Kikristo. Kifungu hicho kimebishaniwa vizazi na vizazi. Mwaka 1930 mwanazuoni wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliyakagua maandishi ya Kiarabu na kukuta mahali pa kifungu cha 11 pana barua ya mtawala wa Algiers kwa mtawala wa Tripoli, isiyogusa jambo hilo hata kidogo. Ilipita zaidi ya miaka 130 kabla ya mtu kulinganisha kurasa hizo kwa makini.

Mfano wa karibu zaidi hauchekeshi. Desemba 2006 tume iliyoongozwa na James Baker na Lee Hamilton ilitoa ripoti yake kuhusu vita vya Iraq. Ilikuta kwamba katika ubalozi wa Marekani Baghdad, wenye watu 1,000, waliojua Kiarabu walikuwa 33. Waliokimudu barabara walikuwa sita.

Wapo pia waliopata njia nyingine. Mwaka 2019 mahakama za Abu Dhabi ziliongeza Kihindi kuwa lugha ya tatu kwenye mashauri ya kazi, baada ya Kiarabu na Kiingereza. Wahindi walilipata hilo kwa wingi wao. Waswahili wa Ghuba, ukiwaacha Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba, hawajafikia wingi huo.

Maha na dereva wa teksi

Tuingie darasani. Kitabu kilichotumika sana vyuoni Marekani, *Al-Kitaab*, cha Kristen Brustad, Mahmoud Al-Batal na Abbas Al-Tonsi, kinamfuata msichana anayeitwa Maha, mkazi wa New York, ambaye baba yake anafanya kazi Umoja wa Mataifa. Matokeo yake ni utani wa siku nyingi miongoni mwa waliokisoma: mwanafunzi anajua kutamka Umoja wa Mataifa kabla hajajua kuulizia choo.

Kwetu wengi wameingilia mlango mwingine. Waliopita kwenye taasisi za Kiislamu za Tanga, Mombasa au Unguja wanavijua vitabu vya Madina, vya V. Abdur Rahim wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, vinavyoanza na nyumba, msikiti, kitabu na kalamu. Vimesukwa kwa ustadi kumfikisha mtu kwenye Qur'ani na Hadithi. Kituo cha polisi hakimo.

Njia zote mbili zinafundisha fusha, Kiarabu sanifu cha maandishi, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Hakuna anayeongea fusha nyumbani kwake. Kumuuliza mtu anataka nini, fusha itasema *madha turid*. Cairo watasema *ayiz eh*. Beirut *shu biddak*. Riyadh *wesh tabgha*. Rabat *shnu bghiti*. Dereva wa teksi wa Riyadh ataielewa fusha ya mgeni, maana ameisikia shuleni na kwenye televisheni. Atakachojibu yeye ndicho mgeni hatakielewa.

Wanaoitetea fusha wana sababu nzito. Ni moja kwa nchi zote 22 za Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Ofisa anayehamishwa kutoka Muscat kwenda Algiers anakwenda nayo. Hati ya mashtaka, mkataba, barua ya wizara na gazeti vyote viko kwa fusha. Aliyeanza na lahaja, wanasema, huishia kuongea vizuri na wauza duka na kushindwa kusoma bango la mlangoni.

Wanaotaka lahaja kwanza wanajibu kwamba karatasi inaweza kusubiri mfasiri, mtu hasubiri. Mama wa nyumba aliyekasirika, askari wa zamu, muuguzi wa dharura, hao wanaongea lahaja na wanaongea haraka. Anayewajibu kwa fusha tupu anasikika kama msomaji wa taarifa ya habari aliyeingia dukani kununua mkate.

Mimi naona pande zote zinabishana kabla ya kujibu swali linalotangulia: ofisa huyu anakwenda wapi? Akishajulikana kituo chake, mambo yanakuwa mepesi. Kusoma kwa fusha, kuongea kwa lahaja ya huko aendako, vyote tangu wiki ya kwanza. Asiyejulikana atapelekwa wapi ndiye anayefundishwa Kiarabu cha kila mahali, ambacho akifika popote kinakuwa cha mahali pengine.

> Ubishi wa fusha na lahaja unapungua nusu pale wizara inapotaja kituo cha ofisa kabla ya darasa kuanza.

Mtoto wa madrasa

Hoja ya tatu husemwa zaidi barazani kuliko ofisini: kwa nini tuhangaike na kozi, na nchi imejaa watu waliosoma madrasa?

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kijana aliyekhitimisha Qur'ani Lamu, Kilwa au Ujiji anazijua herufi zote katika sura zake zote, anatofautisha ha nyepesi na ha ya kooni, na ain haimshindi. Mwanafunzi mwingine atapoteza wiki nyingi hapo. Hata lile tatizo la P na V lina historia pwani: waandishi wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu wa Mombasa na Lamu walikwisha kulitafutia dawa kwa kuongeza nukta, lakini karani wa Riyadh hana habari nayo.

Ukweli ambao haumo katika hoja hiyo ni kwamba kusoma kwa tajwidi na kuelewa ni mambo mawili. Wapo wanaoweza kuisoma sura ndefu bila kukosea irabu moja na wasiweze kuomba maji. Madrasa haikuahidi kufundisha hilo, na si haki kuilaumu. Kuwapeleka watu hao moja kwa moja kwenye dawati la konseli kwa sababu ya cheti cha madrasa ni kuwadanganya wao na wale wanaowategemea. Wapewe kozi yao, fupi, inayoruka alfabeti na kuanzia kwenye mazungumzo.

Upande mwingine kuna woga usiosemwa kwa sauti, kwamba darasa la Kiarabu ni darasa la dini, na kwamba ofisa Mkristo atakuwa mgeni humo. Sura ya Mashariki ya Kati yenyewe inakanusha. Boutros Boutros-Ghali, aliyekuwa waziri wa nchi wa mambo ya nje wa Misri tangu 1977 kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa Mkopti. Tariq Aziz, sauti ya Iraq duniani kwa miaka mingi, alikuwa Mkristo wa Kikaldayo. Rais wa Lebanon kwa desturi huwa Mmaroni. Mwalimu anayefungua somo la lugha kwa mawaidha anaweza kuwa mwalimu mzuri mahali pengine.

Nukta na duara

Kuna somo ambalo vitabu vingi hulipitia kwa ukurasa mmoja na ambalo ningelipa wiki nzima: tarakimu na tarehe.

Kuanzia Misri kwenda mashariki, tarakimu si hizi zetu. Sifuri yao ni nukta. Tano yao ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu. Sita yao inafanana na saba yetu. Namba za simu za mkononi za Saudi Arabia huanza na 05, kwa hiyo kwenye karatasi utaona nukta, kisha kiduara. Mgeni mwenye haraka anaandika sifuri mahali pa tano, na namba ya jalada la mtu aliye ndani inakuwa ya mtu mwingine. Tena maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto huku namba zikisomwa kushoto kwenda kulia, ndani ya mstari mmoja. Morocco, Algeria na Tunisia wanatumia tarakimu kama zetu, kwa hiyo aliyetoka Rabat naye anapofika Riyadh ana la kujifunza.

Tarehe zina mambo yake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Mkataba wa miaka miwili ukihesabiwa kwa Hijria unakwisha siku kama 22 kabla ya ule wa kalenda ya ukutani kwetu, na siku 22 zinatosha kumfanya mtu awe ameishiwa kibali. Saudi Arabia ilianza kuwalipa watumishi wa umma kwa kalenda ya Kimiladi, hiyo ya ukutani kwetu, mwaka 2016, na mwaka 2023 baraza lake la mawaziri likaidhinisha kalenda hiyo kwa hesabu za muda katika shughuli rasmi, isipokuwa zile zinazofungamana na sharia. Karatasi za zamani hazikufutika kwa uamuzi huo. Ofisa atakutana nazo.

Hata miezi ya Kimiladi haina jina moja. Januari ni *yanayir* Cairo na Ghuba, *kanun ath-thani* Baghdad na Damascus, *janfi* Algiers. Barua kutoka Iraq yenye tarehe ya *shubat* ni ya Februari.

Mwisho, mwandiko wa mkono. Herufi za kitabuni zina nukta zinazohesabika. Katika khati ya ruq'a, ambayo watu wengi wa Misri na Sham huiandika kila siku, nukta mbili zinakuwa kistari na nukta tatu zinakuwa kama kofia ndogo. Programu za simu husoma maandishi yaliyochapwa vizuri kabisa siku hizi. Ukizipa risiti ya hospitali iliyoandikwa na daktari mwenye haraka, zinababaika. Na kuna suala la jalada la siri kupigwa picha na kupelekwa kwenye kompyuta ya kampuni ya mbali. Hilo wakuu wa balozi wanapaswa kulitolea mwongozo, lugha ijulikane au isijulikane.

Kahawa, udi na vyeo

Mtu wa Mombasa au Unguja akikaribishwa kahawa Ghuba huona yuko nyumbani. Kahawa chungu anaijua, udi anaujua, viatu kuvuliwa mlangoni si jipya. Ndiyo sababu yeye anakosea kwa namna yake, kwa kudhani kila kitu ni kile kile.

Tazama kikombe. Anayemimina anashika birika la kahawa, *dalla*, kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa kulia. Anamimina kidogo tu, chini ya nusu. Wageni wetu hudhani ni ubahili, kumbe kikombe kikijazwa hadi ukingoni ndipo ukarimu unapotiliwa shaka, maana ni kama kuambiwa unywe uondoke. Unapokea kwa mkono wa kulia. Ukikirudisha hivi hivi, kinajazwa tena, na tena. Ukitosheka unakitikisa kidogo kwa vidole, kushoto na kulia, bila kusema neno, naye anakichukua. Balozi mpya asiyejua mtikiso huo hulala macho.

Udi ukishapitishwa baada ya chakula, mgeni ajiandae kuaga. Wenyewe wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Kwetu udi unaweza kufukizwa tangu saa kumi alasiri na wageni wakakaa mpaka isha.

Vyeo ndiyo sehemu inayotuponza zaidi. Kwetu *Mheshimiwa* inamtosha diwani, mbunge na waziri. Katika Kiarabu cha itifaki kila ngazi ina lake: *fakhama* kwa rais, *jalala* kwa mfalme, *sumuw* kwa wana wa ufalme, *maali* kwa waziri, *saada* kwa balozi. Kumwita waziri *saada* hakuvunji uhusiano wa nchi mbili, ila barua inaweza kurudi, au ikalala mezani kwa katibu.

Kuna na habari njema. Dokezo rasmi la ubalozi kwa wizara ya mambo ya nje, *mudhakkira*, lina kichwa na mkia visivyobadilika. Linaanza kwa ubalozi kuipelekea wizara salamu zake njema kabisa na kuona fahari kuieleza jambo fulani. Linakwisha kwa ubalozi kuchukua nafasi hiyo kurudia heshima zake. Mwanafunzi anayahifadhi hayo kwa siku moja. Faida yake ni kwamba anapopokea dokezo la kurasa mbili anajua pa kuruka na pa kusimama: lililo la maana limo katikati, mara nyingi mistari minne.

Wiki 88

Marekani inaweka wazi hesabu yake. Taasisi inayowafundisha wanadiplomasia wake inakadiria wiki 88, saa 2,200 za darasani, kumfikisha mzungumzaji wa Kiingereza kwenye kiwango cha kufanya kazi kwa Kiarabu. Kiswahili inakipa wiki 36. Waingereza walikuwa na chuo chao, kilichoanzia Jerusalem mwaka 1944, kikahamia kijiji cha Shemlan juu ya Beirut mwaka 1947, kikafungwa 1978 vita vya Lebanon vilipopamba moto. Walebanoni walikiita chuo cha majasusi, na walikuwa na sababu: George Blake, aliyekuwa akiufanyia kazi Umoja wa Kisovieti kwa siri, alikuwa mwanafunzi hapo alipoitwa London mwaka 1961 na kukamatwa.

Hakuna wizara ya Afrika Mashariki inayoweza kumwondoa ofisa kazini karibu miaka miwili akasome lugha. Tanzania ina chuo chake cha diplomasia Kurasini, kilichoanzishwa 1978 kwa makubaliano na Msumbiji na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim; Kiarabu ni moja ya lugha zinazofundishwa. Kenya ina chuo cha utumishi wa mambo ya nje kinachotambuliwa na sheria ya mwaka 2021. Madarasa yapo.

Wanaopinga kutumia fedha zaidi wanasema ubalozi una wafanyakazi wenyeji wanaojua lugha, na mishahara yao ni nafuu kuliko kozi. Ni kweli, na wengi wao wanafanya kazi ya kusifika. Lakini mkalimani naye mara nyingi ni mhamiaji mwenye ikama yake ya kulinda, na kuna maneno ambayo hatayasema mbele ya askari hata kama balozi ameyasema. Ofisa mwenye Kiarabu kidogo hamfukuzi mkalimani. Anasikia tu pale sentensi ndefu ya Kiswahili inapotoka ikiwa fupi mno.

Kinachokera ni upotevu mwingine. Mtu akifundishwa Kiarabu kisha akapangiwa Beijing, mwaka wa tatu hana alichobaki nacho zaidi ya salamu. Utaratibu wa uhamisho ukiwa hauangalii lugha, kozi bora kuliko zote itakuwa zawadi ya cheti.

Na Juba je?

Kwa kuwa wafanyakazi wa ndani wako Ghuba, mjadala wote umeelekea huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki imebadilika wakati huohuo. Somalia, iliyo mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1974, iliingia rasmi Machi 2024, na katiba yake ya muda ya 2012 inakitaja Kiarabu kuwa lugha ya pili baada ya Kisomali. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi wetu walitolewa kwa mabasi kuelekea Ethiopia, safari ya vizuizi vingi vya barabarani katika nchi inayozungumza Kiarabu cha Sudan.

Sudan Kusini iko ndani ya jumuiya tangu 2016. Katiba yake inataja Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini sokoni, kambini na kwenye vituo vya polisi vya mji mkuu watu wa makabila tofauti huelewana kwa Kiarabu cha Juba, chenye sarufi iliyorahisishwa kiasi kwamba aliyehitimu fusha anaweza kusimama pale akashangaa.

Kiarabu hicho kina ndugu yake kwetu. Wanubi wa Kibera mjini Nairobi na wa Bombo nchini Uganda, wajukuu wa askari wa Sudan wa Emin Pasha waliochukuliwa na ofisa Mwingereza, Lugard, mwaka 1891, wanaongea Kinubi, lugha iliyotoka shina moja na Kiarabu cha Juba na kuchanganyika na Kiswahili njiani. Hazifanani kwa kila kitu, lakini Mnubi na mtu wa Juba hawakai muda mrefu bila kuelewana. Wizara inayomwandaa ofisa wa kwenda Juba ingeanza kuulizia mwalimu Kibera au Bombo kabla ya kumkatia tiketi ya Cairo.